Klabu ya jogingi inasaidia kweli au tunajaza tu barabara? Namna ya kuyapima mazoezi ya mtaani

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi ukisimama kando ya barabara ya Kilwa kule Temeke au Mbagala utawaona tu wanapita, jezi za rangi moja, mmoja yuko mbele anaanzisha nyimbo wengine wanaitikia, wamama na wababa na vijana wamechanganyika, nyuma kuna mtu kashika kitambaa chekundu anawapungia madereva wapunguze mwendo. Dar imejaa hizi klabu siku hizi. Mimi ni katibu wa moja, mwaka wa tatu sasa, daftari la mahudhurio ninalo mimi na hela ya maji naishika mimi.

Mwaka juzi kuna kampuni ilitudhamini jezi, halafu baada ya miezi kadhaa wakatuuliza, mazoezi yenu yameleta matokeo gani? Tukawatumia picha za bonanza na idadi ya watu waliofika. Wakashukuru, ikaisha. Ila mimi haikunikaa vizuri, maana swali lilikuwa la maana na sisi hatukulijibu, tulijibu swali jingine kabisa. Tangu hapo nimekuwa nasoma kila ninachopata kuhusu namna ya kutathmini mazoezi ya jamii, mazoezi ya watu wazima mjini, na nikagundua kwamba hili jambo lina mafundo mengi kuliko nilivodhani, na mengi yanafunguka kwa daftari, kiti na saa ya simu. Ndo nataka kuyaeleza hapa.

Fundo la kwanza ni kwamba tukisema "yanasaidia" tunachanganya maswali matatu. Je watu wanakuja? Je waliokuja wamebadilika? Na je kilichowabadilisha ni mazoezi yetu au kitu kingine? Haya yanafuatana lakini hayafanani hata kidogo, unaweza ukawa na umati mkubwa ambao hakuna aliyebadilika, na unaweza ukawa na watu waliobadilika kweli ila wangebadilika hata usingewagusa. Klabu nyingi, na hata miradi mikubwa yenye hela, inajibu la kwanza halafu inaandika kana kwamba imejibu yote matatu.

Na hata hilo la kwanza tunalijibu vibaya. Chukulia klabu ina watu 40 wanaokuja kila Jumamosi kwa wiki kumi. Hayo ni mahudhurio 400. Klabu ya jirani imepata watu 400 siku moja ya bonanza, kulikuwa na mgeni rasmi, muziki, maji ya bure, hawajaonekana tena. Kwenye ripoti zote mbili zinaandikwa 400! Lakini miili ya hao watu wala haikupitia kitu kimoja. Kwa hiyo daftari lisiandike idadi tu, liandike jina, kila wiki, ujue nani karudi na nani kapotea na alipotea wiki ya ngapi. Ni kazi ya dakika tano na ndo msingi wa kila kitu kingine nitakachosema hapa chini.

Halafu kuna suala la dozi. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema mtu mzima anahitaji dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya kiasi, au 75 mpaka 150 za mazoezi makali, na juu ya hapo mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili kwa wiki, na wazee waongeze ya kujipatia mizania wasianguke. Sasa piga hesabu. Jogingi ya Jumamosi peke yake, saa moja, ni dakika 60 tu, bado 90. Desemba 2016 mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima, na Kigali tangu 2016 wana Jumapili za kufunga barabara watu watembee na wakimbie, walianza mara moja kwa mwezi baadae ikawa mara mbili, na pale pale watu wanapimwa presha na sukari bure. Hivi ni vitu vizuri sana na navipenda, vinamfanya mtu aone kwamba kukimbia barabarani ni jambo la kawaida. Ila siku moja ya mwezi haiwezi kushusha presha ya mtu, ikifanya kazi inafanya kwa kumvuta ajiunge na kitu cha kila wiki. Kwa hiyo ukitaka kuitathmini siku kama ile usihesabu waliofika siku yenyewe, hesabu wangapi kati yao wiki tatu baadae wapo kwenye klabu fulani. Bogotá kule Kolombia wao wamefunga barabara tangu 1974, kila Jumapili na sikukuu, zaidi ya kilomita 100, na tangu miaka ya tisini wakaongeza madarasa ya bure ya aerobiki kwenye bustani za jiji, mengine yanafanyika hata siku za kazi. Hapo mtu anaweza akafikisha dakika zake.

Ukali nao tunaukisia tu. Kuna kipimo rahisi cha mazungumzo, kwamba kwenye mazoezi ya kiasi mtu anaweza kuongea ila hawezi kuimba, na kwenye mazoezi makali hamalizi hata sentensi bila kuvuta pumzi. Nilipokisoma nikafikiria klabu zetu moja kwa moja, maana sisi tunaimba mwanzo mwisho! Anayeitikia neno moja moja bado anaweza akawa kwenye kiasi, lakini kama kundi zima linaimba beti nzima bila shida basi tunatembea na jezi tu. Mkufunzi wetu sasa hivi akipita katikati ya mstari anamuuliza mtu swali la kujibu kwa sentensi ndefu, jana ulipika nini, nyumbani hawajambo, anasikiliza pumzi.

Sasa hapa kuna jambo lililonishangaza kuliko yote. Mwaka 2018 ulitoka utafiti uliokusanya takwimu za nchi 168 kuhusu watu wazima wasiojishughulisha kimwili. Duniani kote walikuwa kama asilimia 27 na nusu. Kuwait ilikuwa juu kabisa, asilimia 67. Na nchi yenye watu wachache kabisa wasiojishughulisha unajua ni ipi? Uganda, asilimia 5 na nusu, Msumbiji iko bega kwa bega nayo, na Tanzania haikuwa mbali. Yaani kwa kipimo hicho sisi ni miongoni mwa watu wanaojishughulisha kuliko karibu wote duniani. (Hesabu mpya zaidi zilizotoka 2024 zinasema duniani sasa ni kama asilimia 31, watu bilioni 1.8.)

Mtu akisoma hivo atasema basi hatuna tatizo, jogingi ya nini. Lakini angalia wanavopima. Dodoso la Shirika la Afya Duniani linaloitwa GPAQ linauliza sehemu tatu, kazini unajishughulisha kiasi gani, safari zako unatembea au unaendesha baiskeli kiasi gani, na muda wako wa mapumziko unafanya mazoezi kiasi gani. Mkulima anayelima na jembe na kuchota maji mbali anajaza dakika zote kwenye sehemu ya kwanza na ya pili, hajawahi kuvaa raba ya mazoezi maisha yake yote na yuko juu kabisa ya chati. Wastani wa taifa unambeba yeye, na unamficha bwana wa ofisini Dar anayetoka kitandani akaingia kwenye gari, kutoka kwenye gari akaingia kwenye kiti, kutoka kwenye kiti akaenda kukaa baa. Ndo maana nchi hiyo hiyo utafiti wa mwaka 2012 wa watu wa miaka 25 mpaka 64 ulikuta karibu mtu mmoja kati ya wanne ana presha. Presha ina sababu nyingi, chumvi, uzito, pombe, urithi, sio kukaa tu, lakini inaonesha kwamba kuwa juu kwenye chati ya kujishughulisha hakujatukinga.

Na kwa tathmini ya klabu maana yake ni kubwa. Kwetu yuko dada anayeuza ndizi za kuzungusha, beseni kichwani, anatembea kutwa nzima. Na yuko mhasibu ambaye kwa wiki nzima hatua zake zinaishia kwenye maegesho ya gari. Wakikimbia pamoja saa moja ya Jumamosi, huyu mhasibu kaongeza karibu kila kitu alichonacho, yule dada kaongeza tone kwenye ndoo iliyojaa, tena pengine alichohitaji yeye ni kupumzika na kupata mazoezi ya mgongo. Ukiwauliza wote "unafanya mazoezi kiasi gani sasa" bila kuwauliza kabla walikuwaje na kwenye sehemu zote tatu, hautajua umemsaidia nani. Na kuna mtu mwingine, alianza jogingi halafu akaacha kutembea kwenda kituoni akawa anapanda boda kwa sababu "nishafanya mazoezi yangu". Umempa dakika 60 akatoa 100. Usipouliza kuhusu safari hili hulioni kabisa.

Tuje kwenye fundo linaloharibu ripoti nyingi kuliko mengine yote, nalo ni waliopotea. Nitumie mfano wa kubuni, namba rahisi tu. Tuseme wameandikishwa watu 60 mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu unakuja na fomu zako unawakuta 24 uwanjani. Unawauliza, 18 kati yao wanasema wanajisikia vizuri zaidi, usingizi umekaa sawa, ngazi wanapanda bila kuhema. Unaandika asilimia 75 wamepata nafuu. Na ni kweli, 18 ni asilimia 75 ya 24. Lakini ulianza na 60. Kati ya watu ulioahidi kuwasaidia, unaojua kwamba wamesaidika ni 18 kwa 60, asilimia 30. Wale 36 wengine wako wapi? Baadhi walihama, baadhi walipata kazi ya shifti, na baadhi, hawa ndo wa kuwatafuta kwa tochi, waliumia goti au walishindwa mwendo wakaona aibu wakaacha kimya kimya. Yaani mazoezi yetu yaliwashinda au yaliwaumiza, na kwa sababu hawapo uwanjani siku ya fomu, wanahesabika kama hawakuwahi kuwepo. Klabu kali kuliko zote, inayokimbiza watu mpaka wabaki mashababi watupu, itakuwa na ripoti nzuri kuliko zote. Hiyo ripoti sio ya mazoezi, ni ya mashababi.

Dawa yake ni ile ile ya daftari lenye majina, unagawa kwa walioanza sio kwa waliobaki, na unawapigia simu waliopotea. Nitarudi kwenye hizo simu.

Fundo jingine ni kabla na baada. Inaonekana ni njia ya haki kabisa, mpime mtu Januari, mpime tena Aprili, tofauti ndo kazi yetu. Hapana jamani. Kwanza Aprili Dar ni masika, watu hawatoki, barabara za mitaani zimejaa maji, ukipima hatua za watu Aprili utaambiwa mradi umeharibu afya zao. Ramadhani nayo inahama kila mwaka, mwezi ule nusu ya kundi hawaji asubuhi, wanakula na kulala tofauti, uzito na presha vinacheza, na ukipima mwanzo wa Ramadhani halafu ukaja kupima baada ya sikukuu unapima futari na pilau zaidi kuliko jogingi. Pima msimu unaofanana, au angalau andika ilikuwa kipindi gani.

Halafu kuna hili la presha ambalo nilichelewa sana kulielewa. Bonanza, meza ya kupima bure, watu mia wanapimwa, unachukua ishirini wenye namba kubwa kabisa unawaingiza kwenye programu ya mazoezi. Miezi mitatu baadae unawapima, wengi wameshuka! Furaha tele. Kumbe hata usingewafanyia chochote wengi wangeshuka. Presha ya mtu inapanda na kushuka siku nzima, ukimchagua kwa sababu leo ipo juu, sehemu ya ile namba ilikuwa ya siku ile tu, alipigana na konda, alikunywa kahawa, aliogopa ile mashine, kesho inarudi kwenye kawaida yake. Ni sawa na kuchagua madereva wa daladala waliopata abiria wengi kuliko wote Jumatatu, Jumanne wengi wao watapata wachache zaidi na hakuna aliyewaroga.

Mazoezi yanashusha presha kweli, msinielewe vibaya. Kwa mtu mwenye presha, mazoezi ya kutembea haraka na kukimbia ya mara kwa mara yanashusha ile namba ya juu ya kwenye mashine kwa kama 5 mpaka 8 (mmHg), na hiyo ni kubwa, inakaribia kazi ya dawa moja. Lakini 5 mpaka 8 inamezwa kirahisi kabisa na kupima ovyo. Kupima sawa ni kukaa dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini haijakunjwa, mkono umepumzika usawa wa moyo, kimya, na nusu saa kabla usiwe umevuta sigara wala kunywa kahawa wala kufanya mazoezi, upime mara mbili upumzike dakika katikati. Sisi tulikuwa tunapimaje? Mtu anamaliza kukimbia, jasho linatiririka, anaunga foleni, anapimwa amesimama huku anapiga stori. Na baada ya mazoezi presha inaweza kukaa chini kwa masaa kadhaa, kwa hiyo mwenye presha anaambiwa yuko sawa anaenda nyumbani anaacha vidonge. Hili linaniuma kwa sababu sio kosa la takwimu tu, mtu anaweza akapata kiharusi. Tumeshabadilisha, meza ya presha inakaa kabla ya kukimbia, na kuna viti.

Sasa utajuaje kwamba mabadiliko yameletwa na mazoezi? Unahitaji watu wa kulinganisha nao, wanaofanana na wako ila hawajapata programu. Hapa nimejifunza kwa tafiti za mbali.

Recife, kaskazini mashariki mwa Brazili, jiji lilianzisha mwaka 2002 kitu kinaitwa Academia da Cidade, madarasa ya mazoezi ya bure kwenye viwanja na bustani, asubuhi na jioni, yanasimamiwa na walimu wa michezo walioajiriwa. Watafiti wakapiga simu kwa wakazi zaidi ya 2,000 wa miaka 16 na kuendelea, washiriki na wasio washiriki. Walichokuta ni kwamba nafasi ya mshiriki wa sasa kuwa na mazoezi ya kutosha wakati wa mapumziko ilikuwa kama mara 11 ukilinganisha na asiyewahi kushiriki. Mara 11! Ukiishia hapo utapiga makofi. Lakini ngoja kidogo, mtu anayehudhuria darasa la mazoezi kwa wiki mara kadhaa si tayari anafanya mazoezi wakati wa mapumziko kwa maana yenyewe ya neno? Na anayejiandikisha darasa la mazoezi si ndo yule yule mwenye hamu tangu mwanzo? Namba iliyonigusa mimi ni ndogo zaidi, kwamba hata waliowahi kushiriki wakaacha, nafasi yao ilikuwa kama mara mbili. Hao hawapo darasani tena, na bado wanajishughulisha zaidi ya wasiowahi. Inawezekana nao walikuwa na hamu tangu mwanzo, kwa hiyo bado haijathibitisha, ila inaashiria kwamba kitu kilibaki. Watafiti walienda pia kukaa kwenye bustani zenye madarasa na zisizo na madarasa, wakawa wanahesabu kwa macho kila baada ya muda nani kakaa, nani anatembea, nani anakimbia. Hii njia naipenda mno, haimuulizi mtu chochote kwa hiyo hakuna wa kukupamba, na inagharimu kalamu. Hatimaye mwaka 2011 serikali ya Brazili ikautengeneza mfano huo kuwa programu ya nchi nzima.

Kipimo kikali zaidi ni cha kupiga kura ya bahati nasibu, nani aingie kwenye mazoezi nani abaki kulinganishwa, ili hamu na umri na pesa vigawanyike sawa pande zote mbili. Marekani walifanya hivo kwenye utafiti unaoitwa LIFE uliotoka 2014. Wazee 1,635 wa miaka 70 mpaka 89, wanaokaa sana bila mazoezi, wenye miguu iliyoanza kulegea, vituo nane. Nusu walipewa programu ya kutembea, kuimarisha miguu na mizania, nusu wakapewa semina za afya. Baada ya wastani wa miaka miwili na miezi saba hivi wakaangalia nani amepoteza uwezo wa kutembea mita 400, kama kutoka nyumbani kwenda dukani na kurudi. Upande wa semina walioupoteza walikuwa asilimia 35.5. Upande wa mazoezi asilimia 30.1.

Kaa na hizo namba kidogo. Huu ni mmoja wa tafiti zilizofanywa kwa uangalifu mkubwa, wakufunzi, vituo, hela, na tofauti ni watu kama watano kwa kila mia. Kwa hiyo klabu ikikwambia asilimia 90 ya watu wetu wamepona, ujue kuna mahali hesabu imekatika. Na la pili, angalia kwamba hata upande wa mazoezi karibu mtu mmoja kwa watatu alipoteza uwezo. Wangepima kabla na baada tu bila kundi la kulinganisha wangesema mazoezi yamewadhoofisha wazee! Kumbe bila mazoezi ingekuwa mbaya zaidi. Kwa mtu wa miaka 75 kubaki pale pale ni ushindi mkubwa, na kipimo cha "umeongezeka kiasi gani" hakiuoni ushindi huo kabisa. Kwetu yuko bibi anakuja na kanga yake kiunoni anatembea nyuma ya kundi, mwaka wa tatu mwendo ule ule. Nilikuwa nikiandika kwenye safu yake "hakuna mabadiliko". Nimeifuta hiyo.

Klabu haiwezi kupiga kura ya kumnyima mtu mazoezi, na wala haifai. Ila kuna njia ya kati inayofaa sana mitaani, ya kusubiri zamu. Kama mtaa A na mtaa B wote wameomba mkufunzi na mkufunzi ni mmoja, pimeni mitaa yote miwili siku moja, pigeni kura, mmoja uanze sasa mwingine uanze baada ya miezi mitatu, halafu kabla wa pili haujaanza pimeni tena wote. Mvua iliwanyeshea wote, Ramadhani waliifunga wote, mashine ya presha ni ile ile. Kinachotofautiana ndo chako. Mitaa miwili ni michache, mmoja unaweza ukawa na jambo lake, kwa hiyo ukipata sita au nane ni bora zaidi, lakini hata hiyo miwili inashinda mtaa mmoja wenye picha.

Kuhusu nini cha kupima, mimi mizani nimeiweka pembeni, sijaitupa ila nimeiweka pembeni. Wengi wanakuja kwa ajili ya kitambi, na mazoezi peke yake bila kugusa sahani yanapunguza kilo chache tu, tena sisi tukimaliza tunaenda kwenye supu na chapati. Mtu anapima wiki ya nane, kilo ile ile, anakata tamaa anaacha, wakati moyo wake umeimarika na sukari inatumika vizuri zaidi mwilini na yeye hajui. Ukitangaza kilo kama kipimo cha klabu unawafukuza watu unaowasaidia. Badala yake kuna kipimo cha kiti, kiti kigumu kisicho na mikono cha kimo cha sentimita 43 hivi kimeegemea ukuta, mikono umekunja kifuani, unasimama na kukaa sekunde 30, tunahesabu mara ngapi. Kingine ni kutembea dakika sita, mnaweka alama mbili zilizoachana mita 30, mtu anakwenda na kurudi haraka awezavyo bila kukimbia, unaandika mita. Vyote viwili mtu anafanya vizuri mara ya pili kwa sababu tu amekijua kipimo, kwa hiyo mpe jaribio la kujifunza kwanza usiliandike.

Maswali ya mdomo yana mtego wake. Mwenyekiti akisimama mbele ya watu akauliza "jamani mazoezi yanasaidia hayasaidii?" nani atanyoosha mkono kusema hayasaidii, na klabu hiyo hiyo ndo inamchangia msiba ukimpata? Watu wetu wana heshima, watakupa jibu unalolitaka. Bora aulize mtu wa nje, mmoja mmoja, na aulize vitu vya kuhesabika, juzi ulitembea kutoka wapi mpaka wapi, sio "unatembea sana?" Na hata hapo watu wanazidisha, tafiti nyingi zilizolinganisha majibu na vifaa vya kuvaa kiunoni zimekutana na tofauti. Hatua za kwenye simu zinasaidia kidogo, ila wamama wengi wakikimbia simu wameacha nyumbani, kwa hiyo simu inasema alilala.

Na madhara yaandikwe. Kwenye ule utafiti wa wazee walihesabu mpaka waliolazwa hospitali, na upande wa mazoezi walikuwa wengi kidogo, ingawa tofauti ile ingeweza kuwa bahati tu. Walithubutu kuiandika. Sisi tunakimbia barabarani na malori, saa ambayo giza halijaisha vizuri, na sijaona klabu yenye daftari la walioanguka, walioteguka, waliokoswakoswa na gari. Tumeanza la kwetu mwaka huu, ukurasa wa nyuma wa daftari la mahudhurio.

Nirudi kwenye zile simu. Nilichukua majina ya waliopotea, nikaanza kupiga jioni jioni, vocha yangu mwenyewe. Wengi walidhani nawadai michango. Nilitegemea kusikia uvivu na kazi nyingi, nikasikia vingine. Kaka mmoja alisema alikuwa wa mwisho kila siku na watu wakimsubiri anaona anawachelewesha. Mama mmoja hakuwa na hela ya jezi mpya tulipobadilisha rangi, akaona aibu kusimama na ya zamani, na sisi kwenye maandishi yetu tunajiita klabu ya bure. Na wamama lishe watatu kwa nyakati tofauti waliniambia kitu kile kile, saa kumi na mbili asubuhi chai yao na vitumbua vinatakiwa viwe tayari mezani, ndo saa ya wateja, walikuja mwanzo kwa kuwaachia watoto biashara, watoto shule zilipofunguliwa wakashindwa. Hawa ndo wanakaa jikoni kwenye moshi, wanaonja mafuta na chumvi kutwa, kama kuna watu kwenye mtaa wetu nilitaka wawepo ni wao. Mmoja akaniuliza, "Kwani katibu, hamuwezi kuweka saa kumi jioni?" Nikamwambia hatujawahi kufikiria.

Tumeanza kundi la jioni, Jumanne na Alhamisi, uwanja wa shule, jezi sio lazima, kutembea kwanza kukimbia baadae. Wamepimwa kiti na dakika sita kabla ya siku ya kwanza, wamekaa wamepumzika ndo wakapimwa presha, na wamama wa mtaa wa pili ambao zamu yao bado nao wamepimwa wiki hiyo hiyo. Tutawapima wote tena kabla masika haijashika.